Nilijibu Rufaa Niliyoiandika Mwenyewe

Mliokosa gazeti la wiki jana, msihangaike kulitafuta. Aibu yangu inafupishika.

Mimi ni wakili wa mambo ya kazi. Siwatetei wafanyakazi, nayashauri makampuni namna ya kutoshtakiwa nao. Kampuni ikiwa na mgogoro na mtu, hutuletea jalada lake likiwa limefutwa jina na kupewa namba, ili tupime hoja, tusimpime mtu. Ofisini kwetu tunajivunia sana utaratibu huo. Ndio ulioniponza.

Miezi miwili iliyopita nililetewa Mfanyakazi Namba Saba. Mjamzito, ametolewa kwenye mashine akapewa ufagio, kalalamika kwamba anabaguliwa. Nikaandika ushauri wa ukurasa mmoja: aondolewe kwa kigezo cha mahudhurio, siku zake za kliniki zihesabiwe kuwa utoro, na neno ujauzito lisionekane popote kwenye barua yake. Nikatia saini, nikatoka kwenda kula.

Namba Saba alikuwa mdogo wangu. Baba mmoja, mama mmoja.

Mtauliza, na wengine mmeshaniuliza kwa matusi, ilikuwaje nisijue. Kiwanda chao cha magodoro kilinunuliwa mwaka jana na mteja wetu, kikabadilishwa jina. Nyumbani bado tunakiita lile la zamani. Na mimba aliificha hata kwa mama, maana mbili za kwanza ziliharibika na hakutaka tena kupewa pole na ukoo mzima. Siku aliyokuja kwangu na barua ya kuachishwa kazi ndiyo siku niliyoliona tumbo. Ndani ya barua nikazikuta sentensi zangu, zimekaa vilevile nilivyozipanga.

Alikuja kuniomba nimsaidie kukata rufaa. Sikumwambia kitu. Nilimwandikia rufaa kali kuliko zote nilizowahi kuandika, naye akainakili kwa mkono wake mwenyewe.

Si kazi tu inayonitia hofu. Daktari amesema safari hii atajifungua kwa upasuaji, na bima ya matibabu ni ya kiwanda. Kazi ikiisha mwisho wa mwezi, kama barua ilivyosema, bima inaisha nayo. Tumbo lina miezi saba.

Wiki jana niliishia pale mkuu wa ofisi yetu alipoingia chumbani kwangu na rufaa ile mkononi. Tunamwita Kifungu, kwa sababu hawezi hata kuagiza chai bila kutaja kifungu cha sheria.

"Soma hii," akasema, akaitupa mezani.

Nikajifanya nasoma. Msomaji, umewahi kusoma barua uliyoiandika mwenyewe huku mtu anakuangalia usoni? Usijaribu.

"Unaonaje?"

"Ya kawaida," nikasema.

"Ya kawaida? Umelala wewe! Hii haikuandikwa na mshona magodoro. Angalia hapa: 'kigezo kinachoonekana hakina upande lakini kinawaumiza wa upande mmoja.' Huyu mama ana wakili nyuma yake. Tena wakili mzuri."

Nitakuwa mkweli, maana nimeahidi ukweli. Kwa nukta moja nilifurahi. Miaka sita nimefanya kazi chini ya Kifungu, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kunisifu.

"Utaijibu wewe," akasema. "Na kikao cha rufaa ni Alhamisi saa nne, kiwandani. Utakwenda wewe."

"Alhamisi nina ile kesi ya benki."

"Nimeshampa mtu mwingine."

"Mkuu, labda huyu mama apate mtu asiyeandika ule ushauri wa kwanza. Kwa haki tu."

Akaniangalia juu ya miwani. "Kuna mtu unamjua kule? Kama yupo, sema sasa hivi."

Hapo ndipo pangekuwa pa kusema. Mdomo ulishafunguka.

"Maana fomu ya mgongano wa maslahi uliisaini Januari," akaendelea. "Uliulizwa kama una ndugu kwenye kampuni yoyote ya wateja wetu. Ukajaza hapana. Orodha ya kampuni ilikuwa nyuma ya ukurasa."

Nyuma ya ukurasa! Nani anageuza? Sisi tunaowafundisha wenzetu kusoma kabla ya kusaini, fomu zetu wenyewe tunazipitia kwa kuweka alama za hapana kuanzia juu hadi chini, mkono mmoja una kalamu na mwingine una kikombe. Ningesema ninaye ndugu, ningekuwa nimekiri kudanganya kwenye fomu. Nikikiri fomu, inafuata rufaa. Ikifuata rufaa, leseni yangu ya uwakili imekwenda.

"Simjui mtu," nikasema.

Jumanne na Jumatano sikukaa kitini. Kiguu na njia: dirishani, mlangoni, kwenye mtungi wa maji, dirishani tena. Karani wetu aliniuliza kama nina minyoo.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kichaa. Nilijibu hoja yangu ya kwanza, nikaona jibu ni zuri, nikaudhika nikalifuta. Hoja ya pili sikuweza kuijibu kabisa, nikajipongeza, kisha nikakumbuka nalipwa kuijibu. Mwishowe nikapata mpango. Nitaandika jibu legelege, lenye heshima zake lakini halina mfupa, mwenyekiti wa kikao alione lilivyo, ampe mdogo wangu kazi yake, yaishe.

Simu ikalia. Mdogo wangu.

"Dada, wameniita. Alhamisi saa nne."

"Hewaa. Nenda usiogope."

"Siogopi mimi. Nani kaandika rufaa ile? Dada yangu!" Akacheka. "Utakuja lakini, si ndiyo? Hata ukikaa nje tu getini."

"Ofisi hainiruhusu, mdogo wangu."

"Haya. Basi niombee." Akacheka tena. "Leo kapiga teke hadi nikamwaga uji. Shemeji yako kanicheka siku nzima."

Nilikata simu nikaenda tena dirishani.

Mpango wangu ulidumu hadi Jumatano mchana. Kifungu aliomba kulisoma jibu kabla halijatoka. Akalirudisha baada ya saa moja, likiwa limejaa wino mwekundu.

"Ulikuwa unaumwa ulipoandika hii?" akasema. "Nimekurekebishia."

Amenirekebishia! Alilitia mfupa, akalitia na meno. Ile hoja ya pili niliyoshindwa kuijibu, aliijibu kwa mistari mitatu. Nikaisoma mistari ile mara nne nikitafuta pa kupenyea, sikupaona.

Alhamisi asubuhi niliamua kuugua. Nikampigia Kifungu, nikakohoa kwanza.

"Mkuu, leo siwezi. Tumbo."

"Pole sana. Usijali, nitakwenda mwenyewe. Muda mrefu sijamhoji mtu. Nataka nimbane huyo mama mpaka amtaje aliyemwandikia."

Nilijua anavyobana. Nimemwona akimhoji baba mzima, dereva wa lori, hadi akaomba msamaha kwa kosa ambalo halikuwa lake.

"Naona limetulia," nikasema. "Nakwenda."

Saa tatu na nusu nilikuwa kiwandani. Meneja utumishi alinipokea mlangoni, mtu nadhifu, shati limenyooshwa hadi kwenye vifungo, na sifa yake kubwa ni utaratibu. Kila nilichowahi kumfundisha amekiandika kwenye daftari. Akanikabidhi kabrasha la nyaraka za kikao, bado lina joto la mashine ya fotokopi.

"Safari hii hutanilaumu, wakili," akasema, ametabasamu. "Nimeweka kila kitu. Si ulitufundisha kwenye semina? Mfanyakazi apewe nyaraka zote zilizomo kwenye jalada lake, asije akasema alifichwa. Sijaacha hata karatasi moja."

Nikafungua. Barua ya ajira. Rejista ya mahudhurio. Malalamiko yake. Kadi za kliniki. Nikafungua ukurasa wa kumi na tisa.

Ulikuwa ushauri wangu. Wote, na nembo ya ofisi yetu juu, na saini yangu chini, na jina langu limechapwa kwa herufi kubwa ili mtu asipate shida.

"Hizi nakala ziko ngapi?" nikauliza. 

"Tatu tu. Yako, ya mwenyekiti na ya mlalamikaji. Yake nimempa saa mbili, mapema kabisa, ajiandae. Haki bin haki."

Saa mbili. Ilikuwa inakaribia saa nne.

Kwa asiyejua kazi yetu, nieleze kwa kifupi. Ushauri wa wakili kwa mteja wake ni siri. Ukiponyoka kwa makosa, wakili anatakiwa auombe urudishwe kabla haujatumika, na kikao hakitausoma. Wakili akikaa kimya, siri imekwisha, ukurasa unakuwa ushahidi kama karatasi nyingine yoyote.

Nikiuomba, nimefanya kazi yangu sawasawa. Leseni yangu salama, mdogo wangu hajui lolote, naye amepoteza kitu pekee kinachoonyesha kwamba utoro ulikuwa kisingizio. Baada ya yale majibu ya Kifungu, bila ukurasa ule hashindi. Nikinyamaza, anarudi kazini, anapata bima, anajifungua salama. Ila atakuwa amesoma jina langu.

Nilisimama kwenye korido ile nimeshika kabrasha kifuani, roho juu, nikijaribu kujiambia kwamba nafikiria. Sikuwa nafikiria chochote. Nilitaka tu asiwe amesoma.

"Tuingie?" meneja akasema.

Chumba cha mikutano kilikuwa kidogo, meza moja ndefu, viti sita, harufu ya gundi inapenya kutoka karakana. Mwenyekiti alikuwa mama mtu mzima, mstaafu wa idara ya kazi, aliyekodiwa na kampuni kwa sababu hana ndugu wala rafiki pale. Mbele yake ameweka kalamu mbili na saa ya mkononi.

Mlango ukafunguliwa. Akaingia mdogo wangu, mkono mmoja kiunoni, mwingine umebeba kabrasha. Nyuma yake mwakilishi wa wafanyakazi, fundi mzee wa kukata sponji.

Akaniona.

Nilimtazama usoni kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani. Akashtuka, hilo nililiona. Macho yakaenda kwa meneja aliyeketi ubavuni kwangu, yakarudi kwangu. Kisha akainamisha kichwa kwa adabu.

"Shikamoo, wakili," akasema.

"Marahaba."

Alipokuwa anavuta kiti, wakati wengine wanatafuta kalamu, akanikonyeza. Haraka, jicho moja, kama tulivyokuwa tukikonyezana utotoni tukimdanganya mama. Nikaelewa. Alidhani nimepenya upande wa adui kwa ajili yake. Alidhani nimefanya ujanja mkubwa ili niwe naye chumbani, na yeye ananilindia siri.

Hakuwa amesoma. Furaha ilinipanda hadi machoni, na aibu ikaifuata hapohapo. Sijawahi kujichukia kama nilivyojichukia kwenye kiti kile.

"Kila mtu amepata nyaraka?" mwenyekiti akauliza.

"Nimepata," mdogo wangu akasema. "Ila sijamaliza, mama, nisamehe. Nilipokuwa nasubiri walinipa kazi ya kufagia ghala. Nimefika ukurasa wa kumi na saba."

Mwenyekiti akamgeukia meneja taratibu. "Mmempa mlalamikaji kazi ya kufagia asubuhi ya kikao chake?"

"Yumo kwenye ratiba, mwenyekiti," meneja akasema. Utaratibu.

"Basi tunampa dakika kumi amalizie kusoma. Hatuanzi mpaka amalize."

Akaigeuza saa yake ili wote tuione.

Mdogo wangu husoma kwa kidole. Tangu darasa la kwanza, kidole kinapita chini ya mstari, na midomo inacheza. Zamani nilimcheka. Sasa nilikihesabu kidole kile kila kilipofika mwisho wa mstari na kurudi. Ukurasa wa kumi na saba ulikuwa rejista ya mwezi wa tatu. Alipofika siku za kliniki akatikisa kichwa, akaendelea.

Dakika ya pili. 

Ubavuni meneja naye alikuwa amevuta kabrasha langu anapekua, kwa kukosa la kufanya. Nikamsikia ameacha kupekua.

"Wakili," akaninong'oneza. "Hii ya kumi na tisa. Si ile ya kwenu?"

Macho yangu yalikuwa kwenye kidole.

"Wakili! Hii si ilikuwa siri?" Jasho lilimtoka hadi kwenye kola. "Niliambiwa nitoe jalada lote. Wewe ndiye uliyesema jalada lote! Sema kitu basi!"

"Subiri."

"Nisubiri nini? Anaifikia!"

Ukurasa wa kumi na nane. Mdogo wangu akaacha kusoma, akaweka kiganja tumboni. Mtoto kapiga teke. Akainua uso akitafuta mtu wa kumshirikisha, akanipata mimi, akatabasamu kidogo kwa siri.

Wakati ule ningeweza. Sentensi moja tu, naijua kwa moyo, nimeisema vikaoni mara nyingi: mwenyekiti, naomba ukurasa wa kumi na tisa urudishwe, umeingia kwa makosa. Maneno yalikuwa yamejipanga foleni kooni. Nikaliangalia tumbo lile, nikayameza.

Msije mkanipigia makofi. Sikunyamaza kwa ushujaa. Nilinyamaza kwa sababu kila upande ulinitisha, na kunyamaza hakuhitaji nguvu.

Akageuza.

Kidole kikaanza juu, kwenye nembo. Kikashuka. Mstari wa kwanza, wa pili. Kilipofika katikati kikasimama, kikarudi nyuma, kikapita tena pale pale. Midomo iliacha kucheza. Halafu akafanya jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya: akaondoa kidole, akasoma kwa macho matupu, moja kwa moja hadi chini.

Kwenye saini alikaa muda mrefu. Anaijua saini yangu. Ndiyo iliyokuwa kwenye ripoti zake za shule, mama alipokuwa hajui kuandika na mimi nilisaini badala ya mzazi.

Hakulia. Hakuniangalia.

Meneja akashindwa kuvumilia, akasimama hadi kiti kikaanguka. "Mwenyekiti! Kuna ukurasa umeingia kwa makosa. Ni siri ya kampuni na wakili wetu. Wa kumi na tisa. Wakili ndiye atakayeuomba urudishwe."

Mwenyekiti hakufungua kabrasha lake. Alilisukuma mbali kidogo, kama mtu anayeijua kazi yake.

"Sijausoma bado," akasema. "Na meneja hawezi kuuomba, hiyo ni kazi ya wakili. Wakili, unauomba urudishwe?"

Wote wakanigeukia. Wote isipokuwa mmoja.

Nikaanza kupanga karatasi zangu upya. 

"Wakili?"

Mdogo wangu akavuta kabrasha lake karibu. Akabonyeza vyuma vinavyoshika karatasi, akauchomoa ukurasa ule taratibu usichanike, akaunyoosha kwa kiganja. Fundi mzee akamshika mkono kumzuia, naye akautoa mkono wa fundi kwa upole. Kisha akausogeza juu ya meza hadi ukafika mbele yangu, saini ikinitazama.

"Uchukue, dada," akasema. "Nimeshausoma."



"Dada?" meneja akasema. Akamwangalia yeye, akaniangalia mimi, akamwangalia yeye tena, pua na kidevu. "Dada nani?"

Mwenyekiti alikuwa ameshika kalamu. Akaiweka chini, akavua miwani.

"Hilo la udada tutalifikia," akasema. "Kwanza nijibiwe swali langu, na nitaliuliza mara hii ya mwisho. Unauomba ukurasa huu urudishwe, au huuombi?"

Nikanyoosha mkono, nikauweka juu ya karatasi. Nilichojibu mtakisoma wiki ijayo.